Opareshini ya fibroidi: walipima damu yangu mpaka iliyobaki kwenye vitambaa

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeitoa sababu ya keshia na usiku wa wodini, nitafika huko, lakini wacha nianze na damu maana damu ndo ilinileta hospitali hii.

Mimi nauza vitenge soko la Kikuubo, hapa Kampala. Miaka mitatu nzima nilikuwa nikiingia mwezini natoka damu siku tisa, siku kumi, pedi nabadilisha kila saa, nikipanda ngazi na mzigo moyo unapiga kama nimekimbia kutoka Wandegeya. Skani ikaonyesha fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, moja kubwa kama chungwa na wadogo zake watatu. Hospitali ya kwanza niliyoenda sitaitaja. Walinipima himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, wakakuta 7.6, iko chini sana, wakaandika kwenye faili, wakanipa tarehe ya opareshini wiki inayofuata na kuniambia nije na watu watatu wa kutoa damu. Basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini damu iko chini hivyo, hata kidonge kimoja cha kuongeza damu sikupewa. Ilikuwa Januari, shule zimefungwa, na hapa Uganda wanafunzi ndo wanatoa damu nyingi kuliko watu wengine, kwa hiyo wakienda likizo benki ya damu pale Nakasero inapungukiwa sana. Siku yenyewe nimeshinda njaa, nimeshavaa gauni la thieta, saa saba mchana nesi anakuja kusema damu haijapatikana, rudi nyumbani. Dada yangu mkubwa alilia pale kwenye korido. Mimi nilikuwa nimechoka hata machozi hayakuja.

Saa hii nashukuru walinirudisha. Kuingia kwenye kisu na 7.6 wakati siyo dharura, ni mwili gani huo wa kuvumilia?

Sasa hapa. Daktari wa kliniki ya wanawake, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alisoma majibu yangu yote mpaka ya zamani, akavua miwani akaniambia, “Nyabo, leo hatupangi tarehe. Kwanza turudishe damu yako, kisu kitasubiri.” Akanipa dawa ya chuma ya dripu mara mbili, wiki moja katikati, na vidonge vya kupunguza damu ya mwezi ili nisiendelee kumwaga kile wanachonijazia. Akaniuliza nakunywa chai saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, saa nne, na jioni, pamoja na chakula. Kumbe chai ukiinywa na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, miaka yote nakula dodo (mchicha) na maini nikifikiri najenga, alafu nashushia na chai! Baada ya wiki saba nikapima: 11.2. Niliikunja ile karatasi nikaiweka kwenye pochi ya pesa, na mpaka leo imo.

Kabla ya kusaini fomu alinikalisha mimi na dada akatueleza watapunguza vipi damu siku ya opareshini. Alisema watatumia vitu vitatu pamoja: misoprostoli, dawa ya kubana kizazi, kabla, sindano ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, gramu moja kwenye mshipa wakati wa kuanza, na mpira wa kufunga chini ya kizazi ili mishipa ibanwe wakati wanatoa uvimbe. Nilipenda kwamba hakunidanganya. Alisema watafiti wa Cochrane, kundi la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya opareshini hizihizi za fibroidi, wakatoa mapitio 2014, na ushahidi wa misoprostoli na vasopresini, sindano ya kubana mishipa ya damu, ulikuwa wa kiwango cha kati, ila wa traneksamiki na wa mpira kwa fibroidi ulikuwa bado dhaifu, majaribio machache na madogo. Kinachompa moyo na traneksamiki ni majaribio makubwa ya opareshini nyingine, moja linaitwa POISE-3, la 2022, wagonjwa 9,535, ambapo waliotokwa na damu nyingi walikuwa asilimia 9.1 kwa waliopewa dawa na 11.7 kwa waliopewa maji matupu. Akaniuliza mara mbili kama damu iliwahi kuniganda mguuni au kwenye mapafu, maana mtu wa historia hiyo lazima wamfikirie upya.

Mpwa wangu anasomea udaktari Mbarara, nikampigia simu usiku huohuo anieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Akasema, “Mama mdogo, ukikatwa mwili unaweka donge la kuziba pale, alafu mwili huohuo unaanza kuliyeyusha. Hii dawa inazuia kuyeyusha, ile ziba inakaa.” Alinieleza pia kuhusu walioigundua hiyo dawa, mke na mume wa Japani, Utako na Shosuke Okamoto, walitangaza kazi yao 1962. Yule mama Utako alitaka dawa ya kuokoa wanawake wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Na jaribio kubwa la hilo jambo lilikuja kutoka 2017, linaitwa WOMAN, wanawake 20,060 katika nchi 21 na Uganda ikiwemo, vifo vya kutokwa damu vikashuka kutoka asilimia 1.9 mpaka 1.5, na wale waliopewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua ndo walinufaika zaidi. Bi Utako alifariki 2016, mwaka mmoja kabla ya majibu. Nimelifikiria sana hilo. Na wanawake wa Uganda walikuwa ndani ya jaribio hilo, kwenye vitanda vya kujifungulia, wakiwa hoi, na kwa sababu yao mimi nimechomwa sindano hiyo.

Siku ya opareshini nilichomwa ganzi ya mgongo kwa hiyo masikio yangu yalikuwa macho. Kabla ya kisu walisimama wote, nesi akasoma kwa sauti jina langu, opareshini gani, na swali hili: mnategemea damu itazidi nusu lita? Daktari akajibu inaweza, chupa mbili ziko kwenye friji. Alafu nikasikia mashine ya kufyonza inaanza kunguruma. Upande wa kushoto kulikuwa na nesi kijana na mizani ndogo kama ya kupimia viungo, kila kitambaa kinachotoka kimelowa anakiweka juu, anatoa uzito wa kitambaa kikavu, anaandika kwenye ubao. Gramu moja wanaihesabu kama mililita moja. Nilikuwa namsikia anaita: “Mia na arobaini… mia mbili na kumi…” Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo kwa kila namba. Mwisho akaita 380, pamoja na ya kwenye chupa ya kufyonza. Daktari akasema vizuri, fungeni.

Zile chupa mbili hazikuguswa, zikarudishwa kwa mgonjwa mwingine. Kesho yake asubuhi himoglobini ilikuwa 10.1.

Haya, mabaya. Keshia: watu wawili dirishani, mmoja anakula, laini mpaka mlangoni, na dada yangu alisimama masaa mawili kulipia dawa ambayo mimi naisubiri kitandani. Bei ya dripu ya chuma haikuandikwa popote, tuliambiwa tukiwa tumeshawekewa, laki tatu na kitu kwa kila moja, na kwa mtu wa soko hiyo siyo hela ya kushtukizwa. Usiku nesi mmoja kwa wodi nzima, dripu yangu ya maji iliisha saa nane usiku nikaita mpaka mgonjwa wa jirani akainuka kwenda kumtafuta. Mwenye kuuguza hapati usingizi, ni kiti cha plastiki. Na tafadhali waambieni wagonjwa kwamba vidonge vya chuma vinafanya choo kuwa cheusi, mimi nilimalizia vile vya kupeleka nyumbani kwa hofu nikidhani natokwa damu ndani.

Ukija kwa fibroidi, kliniki ya wanawake ni Jumanne na Ijumaa, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Beba majibu yako yote ya damu hata ya mwaka juzi, na umuulize daktari himoglobini yako ni ngapi kabla hujamuuliza tarehe.