Fundi wa Langoni aliyerudisha Windows halali kwenye laptopu ya mtumba

Kama una laptopu ya mtumba hapa Lamu na Windows yake huielewi, mpelekee kijana wa Langoni. Ukiwa Mkunguni, mbele ya ngome, shika njia kuu ya ndani uelekee Langoni. Duka lake ni chumba kimoja: kaunta ya kioo, chaja zimening'inia ukutani, na nje kumeandikwa tu kwamba simu zatengenezwa. Wengi wapita wakidhani kazi yake ni kubadilisha vioo vya simu. Mimi nilimpelekea kazi ya kuondoa Windows ya kreki, yaani ya wizi, na kuweka iliyo halali, na nimeridhika naye kabisa.

Mashine ni Lenovo ThinkPad T480, katika zile zinazoletwa kutoka Uingereza zikishatumika maofisini huko. Nilimnunulia binti yangu anayejiandaa kwenda chuo. Yenyewe ni nzima: betri yashika chaji, skrini haina doa. Taabu ilikuwa kilichowekwa ndani na muuzaji. Ilikuja na Windows 10 Enterprise, toleo la makampuni makubwa, kinga ya virusi imezimwa, na ukiiwasha yajizima tena. Zaidi ya hayo, ukibonyeza alama ya @ yatoka alama ya kunukuu. Mwanafunzi anayetaka kuomba nafasi ya chuo na mkopo wa HELB ataandikaje barua pepe yake?

"Ami, kaa hapa uone mwenyewe," fundi akaniambia, akaigeuza skrini ikanielekea. Akaandika amri ya slmgr /xpr, kikafunguka kidirisha kidogo chenye tarehe ya mwisho wa leseni. Akanieleza kwamba Windows iliyokuja na laptopu yake huandika kuwa leseni ni ya kudumu, haina tarehe. Ile yenye tarehe ni mtindo wa makampuni makubwa: mashine hupewa siku 180, na kabla hazijaisha ni lazima iwasiliane tena na seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni. Sasa hapa Lamu seva hiyo iko wapi? Aliyeiuza alitia programu ndogo inayojifanya seva, na programu za aina hiyo mara nyingi hutaka kinga ya virusi izimwe ndipo zifanye kazi.

Nikamuuliza leseni halali itanigharimu kiasi gani. "Hununui kitu, Ami. Leseni yako imo humu humu." Tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, viwanda vikubwa huandika nambari ya leseni ndani ya chipu kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, badala ya ile stika ya zamani iliyokuwa ikibandikwa chini na kufutika kwa jasho la mikono. Hii yangu ilitoka kiwandani na Windows 10 Pro. "Jahazi likipata nahodha mwengine, jina lake halifutwi," akasema, huku akinionyesha nambari yenyewe kwenye skrini.

Hapo nilikasirika, na hasira haijaisha. Leseni ililipiwa tangu kiwandani, kisha mtu akapachika ya wizi juu yake na kuiacha mashine bila kinga, wakati kuweka iliyo halali hakungemgharimu hata shilingi. Ni kumdhulumu mnunuzi, na wanunuzi wengi ni wazazi wasiojua pa kutazama.

Tukakubaliana aweke Windows 11, kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu hii yakubalika, kwani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na leseni ya 10 Pro yafaa kwa 11 Pro bila malipo. Flashi yake ameitengeneza kwa programu ya Microsoft wenyewe, na hilo nililiona. Kwanza aliuliza, akarudia kuuliza, kama kuna faili lolote la kuokoa. Kisha akabonyeza F12, akaingia kwenye flashi, akafuta vigawanyo vyote vya diski hadi ikabaki tupu, ili kisisalie chochote cha ile kreki. Windows haikuuliza nambari. Iliisoma kwenye chipu na kuchagua Pro yenyewe. Kwenye kibodi akachagua ya Uingereza, akanionyesha alama ya pauni juu ya kitufe cha 3. Basi kumbe @ ilipotelea hapo: waliotangulia waliweka mpangilio wa Marekani.

Kulikuwa na hatua moja ambayo yeye mwenyewe alinyamaza akitazama, nayo ni kuunganisha intaneti. Kama kampuni ya Uingereza iliyoitumia haikuiondoa kwenye orodha ya mashine zake, jina la kampuni hutokea hapo na kudai akaunti ya mfanyakazi, na kufuta diski hakusaidii. Halikutokea. Nilipofika kwenye akaunti na nywila akanisukumia laptopu, akageuka kutazama njiani. Fundi anayejua adabu hiyo si wa kuachwa.

Mwisho akairudia amri ile ile. Safari hii: ya kudumu. Kinga ya virusi yawaka na yabaki imewaka.

Alinitoza shilingi 1,500. Wako wanaochukua chini ya hapo kwa kutia kreki, na mimi sioni unafuu wake. Nambari za leseni za bei rahisi za mitandaoni yeye hauzi. Mashine isiyo na leseni ndani huiwekea Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, ambao ni halali na hauna malipo, mwenye mashine akitaka.

Kasoro ziko. Risiti hatoi mpaka uombe, na kwa kazi ya laptopu ingefaa aandike bila kuombwa. Chumba kina joto kali. Masasisho yalikwenda polepole mno kwa intaneti yake, ikabidi mashine ilale dukani. Nenda asubuhi, uchukue chaja yako, na faili zako uzihifadhi pengine kabla hujatoka nyumbani. Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya sala, na alasiri haaminiki kurudi kwa wakati.