Tila gani ununue kwa shamba dogo la Mombasa, kuanzia inayofaa zaidi

Watu wakitaka tila, yaani ile mashine ndogo ya kulimia yenye visu vinavyozunguka, swali la kwanza huwa ina hosipawa ngapi, nguvu ya injini. Mimi nasema angalia udongo wako kwanza. Bamburi, Nyali na Shanzu, juu kuna mchanga, ukichimba kidogo tu wakutana na mawe ya matumbawe, si bure Bamburi walichimba mawe ya simenti miaka yote ile. Ukienda Jomvu na Miritini udongo ni mzito, mvua ikinyesha wanata kwa buti. Mashine inayokwenda vizuri huku, kule itakutesa. Alafu kama walima mara moja tu kwa mwaka, usinunue, ikodi tu, pesa yako nunulia mbegu.

Namba 1 kwangu ni ya petroli ya hosipawa 7 hivi, ile ambayo oili ina mahali pake, haichanganywi na petroli. Sababu ni moja kubwa: injini za aina hiyo ndo ziko kwa pampu za maji na jenereta ndogo, kwa hivyo plagi, kabureta, kamba ya kuvutia, vyote vyapatikana mjini na fundi wa jenereta wa mtaani kwako ashazoea kuzifungua. Tila ikikosa spea masika yashaanza haina faida yoyote hata ingekuwa na nguvu vipi. Chagua yenye gia ya nyuma, na hakikisha ina klachi ya kubana, yaani ukibana visu vinazunguka, ukiachia vinasimama. Mwambie muuzaji aiwashe hapohapo dukani na uachie mwenyewe uone. Visu vikiendelea kuzunguka usiichukue, hata akipunguza bei vipi, maana ukiteleza shambani hicho kishikio ndo kitaokoa mguu wako. Na kabla haijawashwa hapo dukani hakikisha imetiwa oili, mpya nyingi huja hazina kabisa, inaingia nusu lita na kidogo, ukiiwasha kavu umeiua siku hiyohiyo.

Namna ya kuilimia sasa, maana hapa ndo watu huumia. Hiyo mashine haisukumwi, visu vyenyewe ndo vinaivuta mbele, na kile chuma kilichosimama nyuma ndo breki yake, kikizama ardhini mwendo unapungua na visu vinapata nafasi ya kuchimba. Kuna watu wanakitoa wakidhani kinawazuia, basi mashine inawakimbiza shamba zima na chini imekwaruza tu. Raundi ya kwanza sentimita 5 zatosha, ya pili ndo ushuke 15 mpaka 20. Ukilazimisha kina chote mara moja, ikigonga jiwe inaruka na wewe umeishika. Kwa hivyo kabla ya kuwasha pita shamba lote uokote mawe, kamba na vipande vya neti, ulizia bomba la maji limepita wapi, na karibu na minazi tumia jembe, mizizi yake inajisokota kwenye visu mpaka vinakwama. Vikikwama zima injini, chomoa waya wa plagi, ndo utie mkono.

Vaa suruali na gambuti. Kikoi, leso, kanzu, chochote kinachoning'inia kiache nyumbani, na watoto wakae mbali kabisa. Gia ya nyuma naiogopa kuliko yote kwa sababu visu vinakujia wewe: punguza mafuta, geuka uangalie nyuma, na usiitumie ukiwa na ukuta au mti mgongoni.

Udongo pia ujaribu. Finyanga konzi moja, ukiubonyeza na kidole ukavunjika lima, ukibaki donge ngoja siku mbili tatu, la sivyo utapata mabonge yanayokauka kama matofali.

Namba 2 ni ya dizeli, hosipawa 9 au 10, ya mwenye ekari na kuendelea kwa udongo mzito. Inakula mafuta kidogo na ina nguvu kwelikweli, lakini bei iko juu na nyingi zakaribia au kupita kilo 100. Nyinyi wa Likoni na Mtongwe fikirieni feri na nani atasaidia kuishusha.

Namba 3 ni zile ndogo za kuchanganya oili na petroli. Nyepesi, mtu mmoja anaibeba, zafaa sana kupalilia katikati ya mistari ya kunde na bamia au matuta ya mchicha. Ardhi ngumu haziwezi. Kipimo cha kuchanganya fuata kitabu chake, usikisie.

Ya mwisho ni ya umeme. Kwa kibustani cha mchanga nyuma ya nyumba ni sawa, haina kelele nyingi, ila waya upitishe begani uwe nyuma yako daima na kama udongo umelowa usiiguse mashine.

Kama shamba limejaa ndago au ukoka, ng'oa kwanza kabla ya kutia mashine yoyote kati ya hizi. Visu vinaukatakata ukoka na kila kipande chaota, ndago nayo vinaisambaza vile viazi vyake kila pembe.

Baada ya kazi futa udongo wote, visu vipake oili, hii hewa yetu ya chumvi inakula chuma haraka sana. Ikikaa zaidi ya mwezi bila kazi toa petroli yote, kabureta isizibe.