Huduma ya muziki mtandaoni kwa spika za sebuleni: uzoefu wangu

Kama unasikiliza muziki kwa simu na spika za masikioni tu, huduma yoyote kubwa itakutosha. Haya yanamhusu aliyekwisha kununua amplifaya na jozi ya spika za maana, na sasa anataka kujua alipie huduma ipi ili vyombo hivyo visikae bure.

Nilijaribu Apple Music, Tidal, Qobuz na Spotify. Leo zote nne zinatoa muziki usiopotezwa chochote wakati wa kubanwa. Apple Music walianza mwaka 2021 bila kuongeza ada. Tidal waliuacha MQA, mfumo wao wa zamani wa kubana muziki, mwaka 2024 wakahamia FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza chochote. Spotify ndio waliotuweka roho juu: walitangaza 2021, wakaleta 2025, tena wanaishia biti 24 (undani wa kila kipimo cha sauti) kwa kilohezi 44.1 (maelfu ya vipimo kwa sekunde), ilhali wenzao watatu wanafika kilohezi 192.

Hiyo 192 isikubabaishe. Kilohezi 44.1 za CD zinabeba sauti zenye mtetemo wa hadi kama kilohezi 22, na sikio la binadamu, hata la kijana, hukomea karibu na 20. Nilimwomba mke wangu abadilishe mafaili bila mimi kuona: kati ya ubora wa CD na wa juu zaidi nilikuwa nabahatisha tu. Kati ya CD na MP3 ya kilobiti 320 nilipatia mara nyingine, hasa kwenye matoazi na makofi ya watazamaji, lakini ilinibidi nitege sikio kwelikweli. Ukijaribu nyumbani, hakikisha kwanza mafaili yote mawili yana ukubwa sawa wa sauti, na zima kile kipengele cha programu kinachopandisha na kushusha chenyewe sauti ya kila wimbo. Wimbo uliopaa kidogo tu kuliko mwenzake huonekana mzuri zaidi, na hapo jaribio limeshaharibika.

Tofauti niliyoisikia bila shida haikutoka kwenye biti. Albamu moja ya zamani inaweza kuwa na matoleo matatu katika huduma ileile: la awali, na mengine yaliyopitishwa tena studio na kukandamizwa mpaka sehemu za chini na za juu za wimbo zina nguvu moja. Spika nzuri zinakuumbua hapo. Toleo lililokandamizwa linachosha haraka hata likiwa na biti 24, na toleo la awali la biti 16 unalisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta albamu zako tano unazozijua vizuri uone huduma ina matoleo gani.

Jambo la pili ni njia ya sauti kutoka kwenye huduma hadi kwenye amplifaya, na wengi wanalipuuza. Kulipia ubora huu kisha ukaupitisha kwa Bluetooth ni kuteka maji kwa pakacha. Hata LDAC, iliyo miongoni mwa njia bora za kubana sauti ya Bluetooth, haivuki kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD ni 1,411. Waya wa USB kutoka kwenye simu ni afadhali, ila simu nyingi za Android hugeuza kila wimbo kuwa kilohezi 48. Niligundua kwa sababu DAC yangu (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa amplifaya) ina kioo kinachoonyesha namba, na ilikuwa haibadiliki nikicheza chochote. Programu nayo inaonyesha alama ya ubora wa juu bila haya!

Dawa yake ni kipengele kiitwacho Connect. Tidal, Spotify na Qobuz (hawa tangu 2025) wanaruhusu strima, kifaa cha muziki wa mtandaoni kinachounganishwa na amplifaya, ichukue muziki yenyewe moja kwa moja mtandaoni. Simu inabaki kuwa rimoti, na hata ikizimika wimbo unaendelea. Apple Music hutegemea zaidi AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti kwa Wi-Fi, ambayo kwenye vifaa vingi huishia ubora wa CD, na kwa masikio yangu hilo si tatizo. Soma orodha ya huduma zinazokubaliwa na strima yako kabla ya kusoma tangazo la mtu yeyote.

Intaneti isikutie hofu sana ukibaki kwenye ubora wa CD: saa moja ya FLAC ni kama megabaiti 300 hadi 400. Ukipanda hadi kilohezi 192 unaweza kuvuka gigabaiti mbili.

Mimi nilibaki na Qobuz. Strima yangu inaikubali, albamu nyingi huja na kijitabu chake kinachoonyesha nani alipiga nini, na albamu nikiipenda sana naweza kununua faili lake likawa langu hata nikiacha kulipa ada. Watoto wameshikilia Spotify kwa ajili ya orodha zao, na sikubishana nao. Qobuz haipo katika kila nchi wala haina daraja la bure, kwa hiyo angalia kwanza kama inapatikana ulipo, kisha tumia muda wa majaribio ukiwa mbele ya spika zako.