Hema la Shilingi 9,500: Nimelipeleka Hell's Gate na Longonot

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Hema hili hapa nyuma yangu nimelinunua kwa pesa zangu, shilingi 9,500, na wikendi iliyopita nimelilalia siku mbili: Ijumaa kambi ya Naiburta, ndani ya mbuga ya Hell's Gate huko Naivasha, na Jumamosi chini ya Mlima Longonot. Lebo inasema ni la watu watatu. Ni la wawili, tena mizigo ikae miguuni.

Nianze na mvua, maana ndiyo mnayoniulizia kila mara. Ijumaa ilinyesha tangu saa mbili usiku hadi karibu saa sita, na halikupenya tone. Kitambaa cha juu kimeandikwa milimita 2,000, yaani kinahimili maji yaliyosimama kimo cha mita 2 kabla hayajaanza kupenya. Kwa mvua, hiyo yatosha. Sakafu ni habari nyingine, kwa sababu unaikandamiza kwa magoti na viwiko. Mimi natandika turubai chini yake, na nawasihi mfanye hivyo.

Lakini asubuhi blanketi zilikuwa zimelowa. Mwenzangu akasema hema linavuja. Halivuji, jamani, ni pumzi zetu! Naivasha usiku ni baridi, kitambaa kinapoa, mvuke wa pumzi ukikigusa unakuwa matone. Na hema hili lina tundu moja tu la hewa, dogo kama kiganja. Usiku wa pili tuliacha zipu ya mlango wazi shubiri moja kwa juu, tukaamka wakavu.

Vigingi ndivyo vilivyoniudhi. Udongo wa Longonot ni majivu ya volkano, mwepesi mno. Kigingi unakisukuma kwa kidole, na kinatoka vivyo hivyo. Saa tisa usiku upepo uling'oa vitatu, tukawa nje na tochi tunatafuta mawe.

Na tafadhali, upepo usikutamanishe kwenda kujikinga ndani ya korongo la Ol Njorowa, lile la Hell's Gate. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yanakufikia ukiwa umesimama juani. Septemba 2019 watu 7 walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Lala kambini.

Jumapili tulipanda Longonot, mita 2,776, tukazunguka ukingo wote wa kreta. Miguu yangu bado inauma, ila ile misitu iliyo chini ndani ya kreta, ningerudi kesho kuiona! Hema tulilikuta zipu imejaa vumbi, haitembei. Mswaki mkavu uliisafisha.

Ningelinunua tena? Ndiyo, nikiongeza vigingi virefu, vipana, vilivyokunjwa mithili ya herufi V. Haya, kimoja hiki, na hiki ndicho nilichouziwa. Navipigilia kwenye mchanga huu wa bustanini, halafu navuta kamba zote mbili. Angalieni kinachotoka kwanza.