Siki ipo, gesi hakuna: kupimwa saratani ya mlango wa kizazi CTC, kliniki ya wenye VVU

"Gesi imeisha." Nimeambiwa hivyo nikiwa bado juu ya kitanda, miguu imepanuliwa. Ilikuwa mwezi uliopita au ule wa nyuma yake, na hasira haijapoa, kwa hiyo msitegemee haki tupu humu.

Kipimo chenyewe sina neno. Nesi alipitisha spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, kwenye maji ya uvuguvugu, akapaka siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 iliyochanganywa siku ileile, kisha akangoja dakika nzima kwa saa ya mkononi. Dakika nzima! Wengi huharibia hapo: wanachungulia baada ya sekunde ishirini, weupe haujajitokeza, wanaandika "hana tatizo". Wengine wanatumia siki iliyokaa wazi ikapungua nguvu, au wanamulika kwa tochi ya simu. Huyu alikuwa na taa ya maana. Doa lilipoonekana alieleza taratibu kwamba hiyo si saratani, ni seli zilizoanza kubadilika, na kwamba zinatibiwa hapohapo. Mpaka hapo nyota tano, na soda juu.

Halafu ukaja mtungi. Tiba ya kugandisha inaendeshwa na gesi ya kabonidayoksaidi: dakika 3 kugandisha, dakika 5 kuacha iyeyuke, dakika 3 kugandisha tena, na barafu lazima ivuke ukingo wa doa kwa milimita kadhaa. Presha ikiwa ndogo barafu haifiki ukingoni na seli mbovu zinabaki. Nesi alifanya vema kukataa kuanza. Lakini geji iko juu ya mtungi, inasomwa kwa macho, tena kabla mtu hajavua nguo! Na mtungi wa akiba je? Nani anaagiza gesi pale, na anaagiza mtungi ukishakauka?

"Njoo mwezi ujao dada, tutakupigia." Kwa mwanamke mwenye VVU, ambaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe linasema hatari yake ya saratani hii ni mara 6 ya asiye na virusi? Sawa, mwezi mmoja haugeuzi doa kuwa saratani, nakubali. Ila mwezi huzaa mwezi. ARV unameza kila siku na bado doa linaweza kutanuka. Likiingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, au likifunika zaidi ya robo tatu ya mlango, kugandisha hakufai tena. Unapewa rufaa ukakatwe kwa kitanzi cha waya wa umeme, LEEP. Hapo kuna nauli, kuna kulala ugenini, kuna kumtungia mume sababu ya safari.

Kinachoniuma zaidi, kipo kifaa cha kuunguza kwa joto, cha kushika mkononi, kinatumia betri: nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30, imekwisha, na hakihitaji mtungi wowote. Kituo kikinunua hicho, neno "gesi" linasahaulika.

Nilitaka kuandika msiende. Nafuta. Nendeni, kuanzia miaka 25 kama una VVU, bila kungoja maumivu. Kwa siki rudia kila miaka 3, na majibu yakiwa safi usijisahau. Ila kabla ya kupanda kitandani uliza: gesi ipo? Mshale uko wapi? Ukitibiwa, majimaji mepesi yatatoka kwa wiki kadhaa, vaa pedi, usiingize kitu ukeni, na tendo liache mpaka upone, wiki 4 hadi 6. Ikishindikana, kondomu, kila mara, maana kidonda kibichi kinamwaga virusi kirahisi. Baada ya miezi 12 rudi uangaliwe, kwa sababu kwetu wenye VVU doa hupenda kurudi.

Nyota basi? Nesi tano. Mtungi sifuri. Wastani ni mbili na nusu, na hiyo nusu naiondoa, kwa sababu simu bado haijaita.