Uzoefu wangu: miezi miwili na kozi ya Kikorea ya kwenye simu

Nilianza Kikorea kwa sababu ya tamthilia, sifichi. Zile zilizotiwa sauti za Kiswahili zilinikolea mpaka nikataka kuwasikia wenyewe wanasemaje. Nikalipia kozi moja ya kwenye simu. Jina nalihifadhi, maana nina malalamiko.

Nilikwama kwenye somo la kulinganisha. Sisi "kuliko" tunaiweka mbele ya anayezidiwa: kaka ni mrefu kuliko mimi. Wakorea wana boda (보다), na wanaigandisha nyuma yake: oppaga jeoboda kiga keoyo, yaani kaka, mimi-boda, kimo kikubwa. Wiki nzima nikawa naibandika kwa oppa, namfanya kaka wa watu kuwa mbilikimo. Kilichoniokoa si kozi, ni bodaboda za mtaani kwetu: nikajiambia abiria wa boda ndiye aliyezidiwa. Sijakosea tena.

Ila mazoezi yao! Niliandika sentensi hiyohiyo bila deo (zaidi), nikapewa kosa mara nne. Boda ikiwepo, deo waweza kuiacha na sentensi isiharibike. Mwalimu wa video zao mwenyewe anaiacha. Nikalalamika, nikajibiwa na mashine kwamba wananishukuru kwa kuwa nao.

Nilishakaribia kuifuta ndipo likaja somo la kutia chumvi. Baegopa jukgesseoyo (배고파 죽겠어요): nina njaa, nitakufa. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Hiyo jukgesseoyo unaipachika kwenye uchovu, joto, hata hamu ya kumwona mtu. Mshahara mdogo wanauita mkia wa panya. Aliyebanwa na kazi hana hata nafasi ya kufumbua macho na pua (pua inafumbuliwaje, usiniulize mimi). Chakula kikiwa kitamu, wawili wakila na mmoja akafa, mwenzake hatajua. Na mtoto akiulizwa anampenda mama kiasi gani, anajibu haneulmankeum ttangmankeum, kadiri ya mbingu, kadiri ya ardhi. Hapo mankeum ikaniingia yenyewe, wakati jedwali lao la kurasa mbili lilikuwa limenishinda.

Hawakunionya tu kwamba jukgesseoyo ni ya mdomoni. Nikaitia kwenye insha ya kujipima, msahihishaji akaikata: haifai kwenye maandishi rasmi. Si mngesema mapema?

Kingine ni video: huwezi kuzipakua, lazima uwe hewani. Mwezi wa kwanza bando lilikula hela kuliko ada yenyewe. Wakorea wana usemi wa hilo pia, nao nimeujifunza humohumo: baeboda baekkobi deo keuda, kitovu kimekuwa kikubwa kuliko tumbo.

Nyota tatu kati ya tano. Mwezi wa tatu nimeshaulipia, ila sasa nasoma usiku, kwa Wi-Fi ya dada wa chumba cha pili.