Kisu cha mazoezi: kipi ununue ukiwa Mwanza

Mwalimu wako wa karate, judo, aikido au Krav Maga akianza kufundisha kujikinga na kisu, darasa linahitaji visu visivyokata. Maduka ya michezo ya Mwanza yanauza mipira, jezi na glovu. Kisu cha mazoezi ni nadra kukikuta. Ndiyo maana wengi huchukua kisu cha jikoni, wakakisugua kwenye saruji mpaka makali yafe, wakaingia nacho dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Hicho nakikataza kabla sijasema kipi cha kununua.

Bapa la kisu cha jikoni ni jembamba. Hata makali yakiisha, ukingo mwembamba ukipita kwa kasi juu ya ngozi unachana, na ncha inadunga vilevile. Visu vya kuchuna minofu ya samaki, ambavyo mji huu wa sangara hauwezi kuvikosa, ni vibaya zaidi kwa sababu bapa lake ni jembamba na ncha yake ni ndefu. Lakini hatari kubwa iko kwingine: kisu butu cha jikoni kinafanana kabisa na chenye makali. Siku moja mtu atabeba kisicho chenyewe, na mwenzake atakuwa ameshanyoosha mkono. Kisu halisi kisivuke mlango wa ukumbi. Na kila mnapoanza zoezi, wote wawili mkishike kile mtakachotumia, mpitishe kidole ukingoni na nchani, hata kama jana kilikuwa salama.

Ninachokiweka cha kwanza ni cha mbao. Aikido imekuwa ikifunza kunyang'anya kisu kwa tantō (kisu kifupi cha Kijapani) ya mbao, na judo nayo ina Kodokan Goshin Jutsu, kata (mfululizo wa mbinu zilizopangwa) iliyowekwa mwaka 1956 yenye mashambulizi ya kisu, fimbo na bastola. Mbao haipindi. Ukimkunja mwenzako kifundo cha mkono, kisu kinatoka kwa sababu umemkunja sawasawa, si kwa sababu kimelegea chenyewe. Kina uzito wa kutosha mtu akiheshimu. Na kina sifa moja kubwa kwetu: seremala yeyote anayechonga vitanda na milango, uwe Igoma, Buzuruga au Nyegezi, anaweza kukutengenezea kutokana na mabaki ya kazi yake.

Ila usimwambie tu "nichongee kisu". Mwambie urefu wote uwe kama sentimita 30, mpini sentimita 12, unene usipungue sentimita moja na nusu. Ukingo wote uviringwe, kusiwe na upande wa makali hata wa mfano. Ncha iwe duara pana, angalau sentimita 2. Mwombe achague kipande ambacho nyuzi za mbao zimenyooka toka mpini hadi nchani, maana nyuzi zikikata kwa mshazari kisu kitavunjika siku ya kwanza kikigongwa, na kipande kilichovunjika kina ncha kali kuliko kisu chenyewe. Mninga ni chaguo zuri, mtiki pia. Msonobari ni laini na hutoa vibanzi. Mkaratusi hupenda kupasuka. Mpingo ni mzuri kwa macho, lakini ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Ukimpiga nao mtu kwenye kiwiko umempiga rungu.

Kataa vanishi. Mkono wenye jasho unateleza juu yake. Msasa laini na mafuta kidogo vinatosha. Kikague kila kabla ya mazoezi, na kikianza kutoa vibanzi kirudishe kwenye msasa au kitupe.

Cha pili ni cha plastiki ngumu, hasa polipropilini. Hiki mara nyingi utaagiza Dar es Salaam au nje ya nchi. Hakitoi vibanzi, hakinywi jasho, unakiosha kwa sabuni kikakauka, na kwa klabu ambayo visu vinashikwa na watu wengi jioni moja hilo si jambo dogo. Udhaifu wake ni wepesi. Polipropilini huelea juu ya maji, kwa hiyo mkono wa mshambuliaji unakwenda na kurudi haraka kuliko ungefanya na kisu halisi, na mpini haukupi hisia ya uzito. Kabla ya kuagiza uliza urefu wote kwa sentimita, maana picha hudanganya. Kikifika, pitisha kucha kwenye mshono ulioachwa na kalibu. Ukikwaruza, usugue kwa msasa. Kama bei ya kuagiza haikusumbui na mnafanya mazoezi ya kasi, hiki kinaweza kushika nafasi ya kwanza.

Alumini naiweka ya tatu, ingawa wapo walimu watakaobisha, na kwa mchezo wao wana haki. Wanaofunza kali au arnis, sanaa za mapigano za Ufilipino (nchi iliyotangaza arnis kuwa mchezo wake wa taifa mwaka 2009), hugonganisha kisu kwa kisu na kutumia ubapa kunasa mkono wa mwenzao. Kwa kazi hiyo chuma chepesi kinafundisha kitu ambacho mbao haiwezi. Ubaridi wake tu ukigusa shingo unamfanya mtu aache uzembe. Uzito wa alumini ni kama theluthi moja ya chuma cha pua cha ukubwa uleule.

Usikimbilie kwa wanaosubu sufuria: alumini ya kusubu inaweza kuwa na matundu ndani ikakatika. Mwombe fundi mwenye bapa nene la alumini, milimita 5 au zaidi, alikate kisha aviringe kingo zote kwa tupa. Shida yake ni moja na haiishi: kila visu vikigongana, ukingo unaota vijino vidogo vyenye ukali wa kukata ngozi. Mwenye kisu cha alumini awe na msasa begini. Wanaoanza wasikishike, na mwendo uwe wa polepole.

Cha mpira kiko nyuma, lakini kina kazi yake. Kinafaa watoto, na kinafaa zoezi la kasi kamili ambapo mshambuliaji anachoma mara nyingi mfululizo kama mtu mwenye nia. Kasoro yake ni kwamba kinapinda. Mwanafunzi anapiga kiganja, kisu kinajikunja, anaamini amefaulu. Ukipata cha mpira mgumu usiopinda kwa urahisi, chukua hicho. Mafundi wa katambuga wanaweza kukukatia kimoja kwenye tairi, ila hakikisha kipande hakina nyaya za chuma ndani; tairi za malori huwa nazo hata ubavuni, na uzi mmoja ukichomoza unaingia mkononi.

Kisu cha mpira ndicho kizuri zaidi kwa zoezi la chaki. Paka chaki nyeupe ukingoni na nchani, anayejikinga avae fulana nyeusi, mpeni mshambuliaji uhuru wa sekunde chache, kisha someni fulana. Mistari itakuwa mikononi, tumboni, chini ya kwapa, hata pale ambapo anayejikinga alifanikiwa kukinyakua kisu. Sijui njia nyingine inayomwonyesha kijana kwa uwazi huu kwamba kukimbia ndiyo mbinu ya kwanza.

Cha sponji kinatosha watoto wadogo, basi. Cha chuma butu cha ukubwa halisi sikushauri ununue. Kikianguka juu ya mguu au kikigonga meno, ubutu wake haumsaidii mtu.

Kabla pesa haijaisha kwenye kisu, tenga ya miwani. Tundu la jicho lina upana wa takriban sentimita 4, kwa hiyo hakuna ncha ya kisu, hata iliyoviringwa vipi, isiyoweza kuingia. Miwani ya kazi ya plastiki ngumu inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ya kioo cha kawaida usivae. Bajeti ikitosha kisu kimoja tu au miwani miwili, nunua miwani, kisha ombeni kipande cha mbao kwa seremala.

Kisu chochote ulichochagua kipake rangi kali, nyekundu au bluu, bapa zima. Njiani kikae ndani ya begi chini ya gi (sare ya mazoezi), kwenye daladala usikitoe kumwonyesha rafiki, na ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye mzigo wa kukabidhi, si begi la mkononi.